Nyumba Mpya Haijanyeshewa

Aghalabu mtu anunuapo nyumba kuukuu huiingia kwa hadhari: hugonga kuta, huinua macho kutazama kama dari ina madoa ya maji, huwauliza majirani habari za paa na za kisima, na pengine hufuatana na fundi amwaminiye, lakini mtu yule yule, akionyeshwa nyumba mpya inayonukia rangi, yenye vigae ving'aavyo na milango ambayo bado imevikwa nailoni yake, hadhari yote humtoka, akahesabu vyumba, akasifu jiko, akauliza bei, akatia sahihi. Rai yangu ni kwamba mambo yangepasa kuwa kinyume cha hivyo. Nyumba kuukuu imekwisha kupitiwa na masika na vuli za miaka mingi, msingi wake umekwisha kuketi mahali utakapoketi, na ila zake zilizo kubwa, kama zipo, zimekwisha kudhihiri ukutani kwa yeyote mwenye macho. Nyumba mpya haina ushahidi huo. Haijanyeshewa, haijabeba watu na vyombo vyao, mabomba yake hayajafunguliwa yote kwa wakati mmoja, na kila kiwezacho kuleta hasara ndani yake kimefunikwa kwa lipu na rangi siku chache kabla ya mnunuzi kufika.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ilipokuwa ikinyesha Nairobi, nyumba ya ghorofa iliyosimama kando ya mto katika mtaa wa Huruma iliwaangukia wapangaji wake, na waliofariki walikuwa takriban 50. Nyumba hiyo haikuwa ya kale. Miaka mitatu kabla ya hapo, Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, jengo refu lililokuwa bado likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji la Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Majengo yaangukayo ni machache mno yakilinganishwa na yasimamayo, wala sitaki msomaji alale kwa hofu. Ila mikasa hiyo yatosha kuonyesha kwamba upya wa jengo si dhamana ya uimara wake. Madhara ya kila siku ni ya namna nyingine: bafu la juu linalodondosha maji sebuleni, ukuta unaopasuka mwaka wa kwanza, karo linalofurika kila masika, nyaya za umeme zinazopata moto ndani ya dari. Hayo hayaandikwi magazetini, lakini ndiyo yanayomaliza akiba za watu.

Wapo watakaojibu kwamba serikali imekwisha kuikagua nyumba mpya, maana ina kibali cha ujenzi, na huenda ina cheti cha ukaaji. Nyaraka hizo ni za lazima, na muuzaji asiyekuwa nazo usiketi naye mezani. Tena uzisome, ukahakikishe kuwa nyumba uionayo kwa macho ndiyo ile iliyoidhinishwa katika ramani, kwa kuwa kibali cha ghorofa mbili huweza kuzaa ghorofa nne endapo wahusika watageuza uso. Walakini ofisa wa halmashauri, au wa kaunti kwa upande wa Kenya, huangalia kama sheria imefuatwa: matumizi ya ardhi, umbali kutoka mpaka wa kiwanja, ramani, vyoo. Ana majengo mengi ya kuzungukia na siku chache za kuyazungukia, wala si kazi yake kujua kama bomba la bafu lako linavuja ndani ya ukuta. Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili makandarasi na miradi yao, na nchini Tanzania kazi ya kuwasajili makandarasi imo mikononi mwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Namba ya usajili ikibandikwa kwenye ubao wa mradi hukueleza ni nani mwenye jukumu, lakini haikuelezi kama siku ya kumwaga zege yeye mwenyewe alikuwapo.

Kwa hiyo mkaguzi wako umtafute mwenyewe na umlipe mwenyewe. Kwa nyumba ya kawaida atakayekufaa kwanza ni mhandisi wa majengo aliyesajiliwa, ambaye jina lake laonekana katika daftari la Bodi ya Usajili wa Wahandisi akiwa Tanzania, au la Bodi ya Wahandisi akiwa Kenya. Naye akiona haja atakushauri umwite fundi umeme mwenye leseni, na mkadiriaji majenzi wa kukupa hesabu ya gharama za marekebisho. Usimchukue mhandisi unayeletewa na muuzaji kama takrima. Wala fundi mkuu aliyeijenga nyumba hawezi kuwa mkaguzi wa nyumba hiyo, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani, maana hakuna atakayeandika kwa mkono wake kwamba kazi yake mwenyewe ina nakisi. Mwambie mhandisi tangu mwanzo kwamba wataka taarifa ya maandishi yenye picha, itajayo kila ila na mahali ilipo na uzito wake. Maneno ya mdomo, yawe matamu au machungu, hayatakusaidia kitu siku ya kudai haki yako.

Mwenye kununua nyumba iliyokwisha humwita mkaguzi kabla ya kulipa fedha ya mwisho, na hapo atapata faida kubwa. Lakini mwenye kujenga, au mwenye kununua nyumba ingali katika ujenzi, ana nafasi iliyo bora zaidi, kwa sababu mambo makuu ya jengo huonekana kwa siku chache tu kisha yakazikwa. Msingi huonekana kabla ya kufukiwa, nondo huonekana kabla ya kumwagiwa zege, mabomba na nyaya huonekana kabla ya lipu. Mkaguzi akiingia katika nyakati hizo tatu, ataona kwa macho yale ambayo baadaye atayakisia kwa vyombo. Nasaha hii nawaelekezea hasa ndugu zetu walioko Maskati, Dubai, London na Minnesota, ambao hutuma fedha mwezi kwa mwezi kwa kaka au mjomba, nao wakarejeshewa picha za simu zenye ukuta ulionyooka na mafundi wanaotabasamu. Picha haipimi kina cha msingi. Kumtuma mhandisi si kumtuhumu mjomba, naye mwenyewe, akiwa mwaminifu, atashukuru kupunguziwa mzigo wa jambo asilolisomea.

Sasa tuingie katika mwili wa nyumba, na tuanze na zege, kwa kuwa ndilo libebalo yote. Katika vitu vinne viundavyo zege, yaani saruji, mchanga, kokoto na maji, kile kiletacho uharibifu mwingi kupita vingine ni maji, ambacho pia ndicho cha bei rahisi. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 huhitaji maji ya lita 25 hadi 30 hivi. Lakini zege la kipimo hicho ni zito kwa koleo na zito kwa ndoo, na vijana wanaolibeba juani tangu asubuhi huona wepesi kuongeza ndoo moja ya maji ili liteleze na kujieneza lenyewe. Maji hayo ya ziada yakisha kukauka huacha ndani ya zege matundu madogo yasiyohesabika, na nguvu yake hupungua sana ilhali sura yake ya nje haikubadilika. Kisha huja kosa la pili, nalo ni haraka. Zege halipati nguvu kwa kukaushwa na jua, bali kwa kunyweshwa. Lapasa kumwagiliwa maji na kufunikwa muda usiopungua siku 7, na zaidi ya hapo katika pwani yetu yenye jua kali na upepo mkavu wa kaskazi. Mjenzi anayejenga ili auze huona siku hizo ni hasara, akapandisha tofali juu ya zege lililomwagwa juzi.

Muulize muuzaji vyeti vya kupondwa kwa zege. Kila zege la maana linapomwagwa, hutolewa vipande vya umbo la mchemraba, aghalabu vya milimita 150 kila upande, vikapelekwa maabara na kupondwa siku ya 7 na siku ya 28 ili ijulikane vimestahimili uzito gani. Vyeti hivyo vikiwapo, mhandisi atavisoma na kuvilinganisha na hesabu za mchoro. Visipokuwapo, anayo nyundo maalumu ya kudundia zege lililokauka, ambayo humpa kisio, ingawa husema habari za uso kuliko za kina. Na akiingiwa na shaka kubwa, itabidi kipande cha duara kikatwe ndani ya nguzo au sakafu kikapondwe. Hilo ni jambo la gharama, na muuzaji hatalipenda, lakini kwa jengo la ghorofa nyingi ni rahisi kuliko kujuta.

Nondo nazo zina hadithi yake, hasa kwetu sisi tulio karibu na bahari. Chuma kilichomo ndani ya zege hulindwa na zege lenyewe, nalo lapasa kukifunika kwa unene unaojulikana: milimita 25 hivi kwa sakafu ya ndani, na 40 au zaidi kwa nguzo na boriti za nje zinazopigwa na upepo wa chumvi. Mafundi wasipoweka vishikizo vya kuinua nondo kutoka kwenye mbao, chuma hulala chini kabisa, na zege likisha kukauka unaweza kuiona mistari ya nondo kwa macho upande wa chini wa dari kabla haijapigwa lipu. Juu ya hayo kuna mchanga. Mchanga wa ufukweni ni mzuri kwa kuutazama, hupatikana karibu, na kwa hiyo wapo wauzao lori la mchanga huo kwa wajenzi wasiouliza. Bali chumvi iliyomo ndani yake huamsha kutu katika nondo, na kutu ina tabia ya kutaka nafasi mara mbili au zaidi ya ile iliyokuwa ya chuma kizima. Ikikosa nafasi hulipasua zege kutoka ndani. Hapo ndipo zionekanapo, baada ya miaka michache, nyumba za Mombasa na Dar es Salaam ambazo vibaraza vyake vimebanduka vipande na kuacha chuma chekundu nje. Wazee waliojenga Lamu na Unguja kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko hawakusumbuliwa na msiba huu, maana ndani ya kuta zao hamkuwa na chuma cha kuliwa. Mkaguzi ana kifaa cha sumaku kiwezacho kuzitambua nondo ndani ya zege, zimepangwa kwa nafasi gani na zimefunikwa kwa kina gani. Hakikisha amekuja nacho.

Kuhusu matofali ya saruji nitasema machache. Mfuko mmoja ambao kwa uaminifu hutoa matofali ya inchi 6 yapatayo 30, wenye tamaa huutolea 50 na zaidi, na tofali la namna hiyo ukilikwaruza kwa msumari hubomoka unga. Lipu ikisha kupigwa huwezi kulikwaruza tena, ila unaweza kwenda uani, nyuma ya ukuta wa uzio, ambako mara nyingi masalio yametupwa.

Nyufa huwatisha watu kuliko zipasavyo, na nyingine hudharauliwa kuliko zipasavyo. Ufa mwembamba kama unywele, unaotambaa ovyo juu ya lipu, aghalabu ni wa lipu yenyewe iliyokauka kwa haraka, na rangi huutibu. Ule wa kuogopwa ni ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, au upandao ngazi kwa ngazi kufuata maungio ya tofali, au ulio mpana juu na mwembamba chini, hasa ukipita milimita 5. Huo huashiria kwamba msingi waondoka upande mmoja, na katika sehemu za Nairobi zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, uvimbao wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, ni jambo la kutarajiwa mahali ambapo mjenzi hakuchimba mpaka udongo ulio imara. Ukiona ufa, chora mstari wa kalamu mwisho wake, andika tarehe, urudi baada ya wiki kadhaa. Na ukiona ukuta mmoja tu umepakwa rangi upya katika nyumba nzima, uliza sababu.

Maji ndiyo adui wa pili, na kwa nyumba nyingi ndiye wa kwanza. Kwa kuwa wanunuzi wengi hutembelea nyumba wakati wa jua, mkaguzi itambidi aitengeneze mvua: apande juu na mpira wa maji, amwage kwa muda mrefu katika maungio ya mabati, katika mifereji, na mahali ambapo paa hukutana na ukuta, mtu mwingine akiwa ndani ya dari na tochi. Paa la zege lililo bapa lapasa kuwa na mteremko hata kama hauonekani kwa macho, wa sentimita moja na zaidi kwa kila mita, na maji yakisimama juu yake kama dimbwi baada ya saa chache, basi mteremko hakuna. Mabafu ya ghorofani yafanyiwe jaribio lililo sahili lakini lenye kufichua mengi: tundu la sakafu lizibwe, sakafu ijazwe maji ya kina cha vidole viwili, yaachwe usiku na mchana, kisha itazamwe dari ya chumba cha chini. Muuzaji atakuambia kwamba vigae ni vya nchi ya mbali na vya bei kubwa. Kigae hakizuii maji. Kinachozuia ni ile tabaka iliyo chini yake, nayo ndiyo irukwayo kwa kuwa hakuna aionaye. Halikadhalika gonga vigae kwa sarafu chumba kwa chumba. Vitakavyolia kama vitupu vitabanduka. Kisha mabomba yote yafunguliwe kwa pamoja, jiko na mabafu na choo, ili ijulikane kama maji yanafika juu na kama yanatoka nje bila kurudi.

Huko nje, karo na shimo la maji machafu viulizwe ukubwa wake na mahali vilipo, kwani vingi hujengwa vidogo kwa ajili ya kuokoa matofali, na kama kiwanja kina kisima, umbali wa mita 30 kati yake na shimo hilo ndio ushauriwao. Umeme usipimwe kwa kuwasha taa peke yake. Fundi mwenye leseni apime kama waya wa ardhi umeunganishwa kweli na nondo iliyozamishwa udongoni, kama swichi ya kinga inakata yenyewe unapovuja mkondo wa milliampea 30, na kama nyaya za jiko na za mashine ya kupozea hewa zina unene wa kutosha. Mpima ardhi athibitishe mawe ya mipaka. Milango, bawaba na vitasa utavikagua mwenyewe, wala havihitaji shahada.

Taarifa ya mkaguzi ikisha kutoka, ndipo maana yake kifedha ionekanapo. Mikataba ya ujenzi kwa kawaida huwa na kipindi cha matazamio, cha miezi 6 au 12 baada ya makabidhiano, ambacho ndani yake mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake, na sehemu ya malipo yake, aghalabu asilimia 5 hadi 10, huzuiliwa mpaka kipindi kiishe. Mnunuzi wa nyumba iliyo tayari hana haki hiyo ila akiidai katika mkataba, na wakati wa kuidai ni kabla ya sahihi, maana fedha ikisha kuondoka mkononi mwako, simu zako hupokewa kwa nadra. Ufanye ukaguzi wa pili mwezi mmoja kabla ya kipindi cha matazamio kumalizika, na uwe umeishi humo msimu mmoja wa mvua walau, ukiandika kila uonalo.

Mambo haya si mageni kwa binadamu. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizoandikwa zaidi ya miaka 1700 kabla ya Masihi, zilimhukumu kifo mjenzi ambaye nyumba aliyoijenga imeanguka na kumuua mwenye nyumba. Sisi hatuombi ukali huo, twaomba saruji iliyotimia. Na fikihi ya Kiislamu, ambayo kwayo biashara nyingi za pwani zilipatanishwa kwa karne nyingi, humpa mnunuzi hiari ya kukirudisha kitu akigundua aibu iliyofichwa, lakini humnyima dai kwa aibu aliyoiona akairidhia. Kwa hiyo ni heri kwako aibu ijulikane na iandikwe kabla hujaridhia lolote.

Najua kinachowazuia wengi si gharama ya mhandisi, ambayo ikilinganishwa na bei ya nyumba ni ndogo mno. Ni haya. Muuzaji ametukaribisha kahawa, ametuita ndugu, ametueleza kwamba fundi wake amejenga nyumba nzuri mtaa mzima, na sisi twaona vibaya kumwambia kwamba kesho tutakuja na mtu mwenye nyundo. Mwambie hata hivyo, kwa upole, na mbele ya mashahidi. Akikubali, panga siku ya ukaguzi iwe kabla ya siku ya malipo; akikataa, kwa sababu yoyote atakayoitoa, muage kwa heshima ukatafute nyumba nyingine.